Doa la miaka 3 shavuni: kipimo hakikuona vimelea, nianzeje dawa za TB?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, nina kilo 58, naishi Mufindi. Miaka 3 iliyopita kilinitoka kipele kwenye shavu la kushoto karibu na pua. Hakikuuma wala kuwasha. Kwenye duka la dawa wakasema ni fangasi, nikapaka dawa miezi 2 bila nafuu. Nikapewa krimu nyingine, wekundu ukapungua wiki chache, halafu doa likarudi kubwa kuliko mwanzo. Sasa limekula nusu ya shavu na limegusa bawa la pua. Katikati pana kovu, pembeni linasonga. Hospitali wamepima makohozi na kupiga picha ya kifua, vyote safi. Wakanikata kinyama. Majibu yanasema kuna granuloma, vimelea vya TB havikuonekana. Daktari kaandika lupus vulgaris, anataka nianze dawa za TB miezi 6. Mimi sikohoi. Mtandaoni nimesoma lupus ni ugonjwa wa kinga ya mwili, hautibiwi kwa dawa za TB. Mama mkwe anasema ni baridi ya huku, kuna mzee wa kuchoma na dawa ya majani. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya, na nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Je, nianze? Na uso wangu utarudi?"

Marahaba, dada yangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lenyewe: doa lisilouma wala kuwasha, linalotambaa kwa miaka badala ya wiki, likiacha kovu nyuma yake huku ukingo ukiendelea mbele. Kifua kikuu cha ngozi usoni huenda hivyo hivyo. Ushauri uliopewa wa kuanza dawa una msingi. Ila kuna mambo machache ya kumuuliza daktari wako kabla ya kidonge cha kwanza, na suala la kijiti usiliache likasubiri.

Tuanze na jina, maana ndilo lililokupoteza. Lupus ni neno la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Waganga wa Ulaya ya zamani walilitumia kwa vidonda vilivyokula uso kana kwamba mnyama ameung'ata, bila kujua chanzo chake. Baadaye ikaonekana walikuwa wameyaita magonjwa tofauti kwa jina moja. Lupus vulgaris, uliyoandikiwa wewe, ni kifua kikuu cha ngozi. Huletwa na bakteria walewale ambao Robert Koch aliwatambua mwaka 1882. Ile uliyoisoma mtandaoni ni ugonjwa mwingine kabisa: kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, viungo vinauma, figo zinaweza kuharibika, na uso hupata wekundu. Huo hutibiwa kwa dawa za kuituliza kinga, zikiwemo steroidi kama prednisolone. Mpe mtu mwenye lupus vulgaris prednisolone peke yake, na utakuwa umewafungulia vimelea mlango.

Hapo ndipo penye maelezo ya ile krimu ya pili. Krimu zinazopunguza wekundu haraka na kuacha ngozi laini mara nyingi huwa na steroidi ndani yake, na mikorogo mingi inayouzwa kwa kung'arisha uso huwa nayo pia. Wekundu si bakteria. Wekundu ni kinga yako ikipigana. Steroidi inawaambia askari waweke silaha chini, kwa hiyo kwa wiki 2 au 3 uso unaonekana umetulia. Bakteria hawajaguswa. Ndiyo maana doa lilirudi kubwa. Aliyekupa huenda hakuwa na nia mbaya: doa la duara lenye ukingo uliochomoza linafanana sana na choa, na choa ni kingi kuliko kifua kikuu cha ngozi. Lakini choa huwasha, na dawa sahihi ya fangasi ikipakwa vizuri huonyesha tofauti ndani ya wiki 4. Doa la usoni lisilowasha ambalo limepakwa dawa ya fangasi mwezi mzima bila kutikisika halihitaji krimu nyingine. Linahitaji kukatwa kinyama.

Sasa hili la kutokohoa. Jina la Kiswahili, kifua kikuu, limetufanya tuamini ugonjwa unaishi kifuani tu. Bakteria huingia kwa kuvuta hewa, ndiyo, lakini baadhi husafiri kwa damu au mishipa ya limfu wakati maambukizi yangali machanga, hata miaka kabla ya dalili yoyote, wakajificha kwenye tezi za shingo, mifupa, figo au ngozi. Usoni wanaweza pia kutokea ndani ya pua au kwenye tezi ya jirani, na mara chache kupitia mchubuko. Kwa hiyo picha safi ya kifua na makohozi safi havipingani na doa lako. Vinakuambia jambo moja tu, tena la heri: mapafu hayaonyeshi ugonjwa.

Kuna njia nyingine inayofaa kutajwa kwa nyanda za juu kusini. Kifua kikuu cha ng'ombe kimewahi kuthibitishwa katika mifugo ya ukanda huu, na huambukiza watu kupitia maziwa mabichi. Kama nyumbani mna ng'ombe, au mmezoea maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari. Si udadisi wa bure: bakteria wa ng'ombe kwa asili yao hawasikii pyrazinamide, dawa moja kati ya zile 4 utakazoanza nazo, na wakithibitishwa kwa kuotesha kinyama maabara, tiba hurefushwa hadi miezi 9. Maziwa yakichemka kabisa, hatari hiyo inaisha.

Tuje kwenye swali lenyewe: itakuwaje TB wakati kipimo hakikuona vimelea? Ninyi wa Mufindi mnajua moto ukizuka kwenye msitu wa misonobari. Cheche inaweza kuwa ndogo, lakini watu wanaokwenda kuuzingira ni mamia, na barabara ya kuzuia moto inakata eneo kubwa kuliko lililoungua. Mtu akipiga picha kutoka juu ataona watu na udongo uliofyekwa, moto asiuone. Granuloma ndiyo hiyo: mkusanyiko wa seli za kinga zilizojipanga kuwazingira bakteria ambao mwili umeshindwa kuwaua. Katika lupus vulgaris mtu huwa na kinga nzuri dhidi ya TB, kwa hiyo askari ni wengi sana na bakteria ni wachache mno. Doa unaloliona kwenye kioo kwa sehemu kubwa ni askari.

Vipimo navyo vina mipaka yake. Darubini huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 kwa kila mililita ya makohozi ndipo mtaalamu awaone. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria, ni kali zaidi. Katriji yake ya Ultra hunasa hata chini ya 20 kwa mililita, lakini kwenye kinyama cha ngozi bado hukosa mara nyingi. Kuotesha maabara huchukua hadi wiki 6 au 8, na kwa ugonjwa huu mara nyingi hakuna kinachoota. Kwa hiyo jibu la "havikuonekana" ndilo la kawaida kwenye lupus vulgaris, halifuti utambuzi. Daktari hujumlisha ushahidi: mwendo wa doa, umbo lake, granuloma, kipimo cha sindano ya ngozi kinachosomwa baada ya saa 48 hadi 72, na mwisho jinsi ngozi inavyoitikia dawa. Hicho cha sindano kisikutie hofu wala uhakika peke yake. Kwetu watu wengi wazima wamechanjwa BCG, chanjo ya TB, au wamewahi kukutana na bakteria bila kuugua, na kinavimba kwao pia.

Ila kuna kosa moja linalowaponyoka wengi, na ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari wako: kinyama kiliwekwa kwenye nini? Kinyama cha doa kama hili kinapaswa kuwa vipande 2, au kimoja kilichogawanywa. Kimoja huenda kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, kwa ajili ya daktari wa patholojia anayekisoma kwa darubini. Cha pili huenda kwenye chombo safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Vyote vikitumbukizwa kwenye formalini, bakteria wanakufa hapo hapo, na hakuna kitakachoota hata wangekuwa mamilioni. Kinyama pia kinapaswa kutoka kwenye ukingo unaosonga, si katikati penye kovu, na kiwe na kina cha kutosha. Kwa kawaida upana wake ni milimita 4 hadi 6, hukatwa kwa ganzi na kushonwa uzi mmoja au miwili. Kama chako kilikatwa katikati, au chote kiliingia formalini, si aibu kuomba kirudiwe kabla ya kuanza dawa. Ukishaanza, nafasi ya kuotesha inapotea, na kuotesha ndiko kunakoonyesha kama kuna usugu wa dawa.

Granuloma nayo si mali ya TB peke yake. Ukoma hutengeneza granuloma. Fangasi wa ndani ya ngozi pia, na sarkoidi (ugonjwa wa kinga usio na vimelea vinavyojulikana), na kaswende iliyokaa miaka. Ukoma ndio ningetaka uondolewe kwenye orodha kwa uangalifu: daktari aguse doa kwa pamba ukiwa umefumba macho, apapase mishipa ya fahamu nyuma ya sikio na kwenye kiwiko kuona kama imenenepa. Usoni hisia zinaweza kubaki hata kwenye ukoma, kwa hiyo akague mwili mzima, si shavu tu. Kuna sababu ya ukali huu. Dawa za ukoma zina rifampicin mara moja kwa mwezi. Mgonjwa wa TB akipewa hiyo kimakosa, bakteria wanaonjeshwa dawa bora tuliyonayo kwa dozi isiyowaua, na usugu huanzia hapo. Bahati nzuri mratibu wa wilaya anayeshughulika na kifua kikuu ndiye huyo huyo wa ukoma, kwa hiyo hutazungushwa. Kaswende na HIV ni vipimo vya damu vya siku moja. Cha HIV kila mgonjwa wa TB hupimwa, haina maana kwamba wanakushuku.

Kama ukoma na hayo mengine yameondolewa, anza. Usisubiri bakteria waonekane, maana bawa la pua limejengwa kwa gegedu, na gegedu likishaliwa halioti tena. Kila mwezi unaopita hapo ni wa hasara.

Dawa ni zile zile za TB ya mapafu, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Miezi 2 ya kwanza ni kidonge chenye dawa 4 pamoja: rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol. Kwa kilo zako 58 ni vidonge 4, vyote kwa mkupuo mmoja, kila siku. Miezi 4 inayofuata ni kidonge chenye rifampicin na isoniazid tu, bado vidonge 4. Meza asubuhi kabla ya kula, subiri kama saa moja ndipo unywe chai. Kichefuchefu kikikusumbua, ni afadhali umeze na uji kidogo kuliko kuruka siku. Kwa kuwa unanyonyesha, uombe pia vitamini B6. Miligramu 25 kwa siku hulinda mishipa ya miguu na mikono isifanye ganzi kwa ajili ya isoniazid.

Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, jasho na machozi pia. Hiyo ni rangi ya rifampicin, usiogope. Cha kuogopa ni macho kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi pamoja na kutapika na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu: hapo ini linalia, acha vidonge siku hiyo hiyo na uende hospitali, usingoje tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo ukiona ukungu machoni, au kanga nyekundu na ya kijani zinaanza kukuchanganya. Hiyo ni ethambutol kwenye mshipa wa jicho. Maumivu ya magoti na vifundo katika miezi 2 ya kwanza mara nyingi ni pyrazinamide, nayo hutulizwa bila kuacha tiba. Na pombe, dada, iwe ulanzi wa msimu wa mvua au komoni ya sherehe, iache kwa miezi yote 6. Ini litakuwa na kazi ya kutosha.

Kijiti. Rifampicin huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, na homoni ya kijiti ni mojawapo. Kijiti kitabaki mkononi, utakihisi ukigusa, lakini kinga yake haiaminiki tena. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapatwa na hilo pia. Sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba haviathiriki. Zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango kabla ya kuanza. La sivyo tumieni kondomu tangu siku ya kwanza hadi wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho. Hili husahaulika kwa sababu kliniki ya TB na ya uzazi wa mpango ni milango miwili tofauti. Kama unatumia dawa za HIV, presha, kisukari au kifafa, zitaje pia. Dolutegravir ya HIV, kwa mfano, huongezwa iwe mara 2 kwa siku.

Mtoto endelea kumnyonyesha. Doa la shavuni halitoi bakteria hewani, humwambukizi kwa kumbusu wala kumbeba, na dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo, haimdhuru. Lakini jiulize swali la kinyume: wewe ulipata wapi? Kama nyumbani kuna mtu anayekohoa wiki 2 na zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku, huyo ndiye wa hatari kwa mtoto, hasa miezi ya Juni na Julai tunapofunga madirisha na kukaa wote karibu na moto. Apimwe makohozi. Akikutwa na TB ya mapafu, mtoto wa chini ya miaka 5 hukaguliwa, na kama haumwi hupewa dawa za kuzuia.

Mama mkwe umwambie kwa heshima kwamba baridi hupasua midomo, haileti granuloma. Kuchoma hata Ulaya walijaribu kwa miaka mingi. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu ugonjwa huu huu kwa taa, mgonjwa akikaa siku baada ya siku, mwanga ukielekezwa kwenye doa. Enzi hizo hapakuwa na dawa. Isoniazid ilianza kutumika mwaka 1952. Moto wa mzee utachoma ngozi ya juu, bakteria walio chini wabaki, na utakuwa umejiongezea kovu juu ya kovu.

Uso utarudi? Sehemu utarudi, sehemu hautarudi. Ukingo utalala, vinundu vitaisha, wekundu utafifia. Palipokwisha kuwa kovu patabaki kovu, labda jeupe au jeusi kuliko ngozi nyingine. Bawa la pua likiwa bado lina umbo lake, lina nafasi nzuri ya kubaki hivyo. Likiwa limeliwa, upasuaji wa kurekebisha upo, lakini hufanywa baada ya dozi kuisha na ngozi kutulia miezi kadhaa, si kabla. Weusi usiufukuze kwa mkorogo. Vaa kofia: jua la huku linadanganya kwa sababu hewa ni baridi, lakini linachoma.

Dawa zianzapo kufanya kazi, utaona tofauti kati ya wiki 4 na 6. Usiutegemee mtazamo wa kila siku kwenye kioo. Kila baada ya wiki 2 jipige picha mahali pale pale karibu na dirisha, asubuhi, ukiwa umeweka rula ya shule pembeni ya doa. Tezi ya shingoni ikivimba kidogo wiki za mwanzo, waonyeshe kliniki bila kuacha dawa. Mara nyingine kinga huchachamaa inapopata nguvu. Lakini wiki 6 zikipita, umemeza kila siku, na picha hazionyeshi badiliko lolote, utambuzi uangaliwe upya: kinyama kirudiwe, usugu upimwe, na uonwe na daktari wa ngozi, Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda au kwa rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi. Vilevile uvimbe mgumu ukiota juu ya kovu, ukakua kwa wiki badala ya miezi, ukivuja damu bila kupona, hata kama ni miaka mingi baada ya dawa, usiupake kitu. Makovu ya muda mrefu ya ugonjwa huu wakati mwingine huzaa saratani ya ngozi, na ikikatwa mapema hupona.

Siku ukienda kuanza, nenda na karatasi ya majibu ya kinyama na krimu zote ulizowahi kupaka, hata makopo yaliyokwisha. Daktari akisoma kilichoandikwa nyuma ya kopo atajua steroidi ilikuwamo au la, na atajua kama kinyama kilichosomwa kwenye darubini kilikuwa kimenyamazishwa na krimu.